Kifaru Aliyetaka Kupelekwa Zamani

Paukwa.

Pakawa.

Ngumi?

Mkononi.

Asiye na mkono?

Anapigana kwa mdomo.

Na asiye na mdomo?

Huyo ndiye mwamuzi.

Haya, kaeni. Na nyie wawili, Shekue na Mhina, mnaobishana tangu mchana nani angempiga nani, yule bondia aliyekufa kabla hamjazaliwa au huyu wa juzi, fungeni midomo. Mmenipigia kelele mpaka nimetupa mchele nimebakiza chuya. Ngojeni niwaambie ubishi huo ulianzia wapi. Ulianza kwa wanyama, na wanyama wenyewe hawajaumaliza.

Basi kulikuwa na ukame. Mito ilikauka, visima vilikauka, likabaki bwawa moja tu. Na sheria ya bwawa ilikuwa moja: mwenye mkanda ndiye mwenye maji. Mkanda wenyewe ulikuwa wa ukindu, umesukwa ukasukika, na aliyeuvaa ni bingwa wa ngumi wa uzito wa juu. Msiniulize wanyama wanapigaje ngumi na kwato. Walipiga.

Siku hizo mkanda ulikuwa kiunoni kwa Kifaru. Kama Kifaru ana kiuno. Nadhani waliufunga tu pale palipokubali.

Kila asubuhi Kifaru alikuja bwawani. Ti, ti, ti. Anasimama ukingoni, wanyama wote wamejipanga na kiu yao, anauliza:

"Nani bingwa?"

"Wewe, Bwana Mkubwa."

"Wa uzito gani?"

"Wa juu, Bwana Mkubwa."

"Basi kaeni mbali."

Anaingia, chubwii. Anakunywa, anagaagaa, anakojoa humo humo, analala mpaka jua linageuka. Akiondoka, wenzake wanakunywa kilichobaki, na kilichobaki mnakijua.

Sasa humo bwawani alikuwa akiishi Chura. Mdogo, macho nje, hana mkanda wala hana kiuno. Msimu uliopita Chura alitaga, viluwiluwi wakatoka, weusi weusi, mikia inatikisika, anawaangalia anafurahi. Asubuhi moja Kifaru akalala juu yao. Hakuwa na ubaya nao. Hakuwaona hata. Chura alilia mpaka sauti ikaharibika, na ndiyo hiyo mnayoisikia mpaka leo.

Safari hii alikuwa na wengine. Na wale wengine walikuwa na shida ya kitu kimoja tu duniani: miguu. Kiluwiluwi akishaota miguu anatoka majini, anajiendea zake. Kabla ya miguu, ni wa kukanyagwa. Kifaru alikuwa akilala upande wa mashariki, viluwiluwi upande wa magharibi, lakini maji yalikuwa yakipungua, na kila siku Kifaru anasogea kidogo. Chura anatazama. Miguu haijaota. Kifaru anasogea. 

Akaenda kumwomba. "Bwana Mkubwa, shikamoo. Naomba usilale upande ule. Wanangu hawajaota miguu."

Kifaru akafungua jicho moja. "Mimi nimepigana na Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote. Nimepigana na Pundamilia. Nimepigana na Nyati mwenyewe. Hao wanao wamepigana na nani?"

"Hawajapigana na mtu, Bwana Mkubwa. Hawana mikono."

"Basi wasinisumbue," akasema Kifaru, akalifunga jicho.

Chura akarudi zake. Akakaa kwenye jiwe, shavu linapanda linashuka. Maneno ya kumwambia mwenye nguvu yalikuwa yamemwishia.

Mchana ule, chini ya kichaka karibu na bwawa, Kobe na Ngiri walikuwa wanabishana. Ngiri alikuwa shabiki wa Kifaru. Alimsifu kwa sauti kubwa, ili Kifaru asikie, ili apewe maji kabla hayajakojolewa. Mpaka siku hiyo alikuwa hajapewa, ila hakukata tamaa.

"Bingwa kama Kifaru hajapata kutokea," akasema Ngiri.

Kobe akatoa kichwa nje. Kobe alikuwa ameishi miaka mingi, ameona mabondia wote, na amewachanganya wote. "Kifaru ni nani?" akasema. "Mabingwa walikuwa wa zamani. Nyati Shingo-Gogo, yule wa wakati wa nzige. Alipigana tangu asubuhi mpaka jioni, bila maji."

"Alipigana na nani?"

"Na Kiboko Tumbo-Ngoma."

"Akamshinda?"

"Akamshinda. Au Kiboko ndiye aliyemshinda. Walishindana wakashindana, mmoja akashinda."

"Babu, yupi?"

"Yule aliyeshinda. Wewe husikilizi."

Ngiri akakasirika. "Hao wa zamani walikuwa wazito tu, hawana miguu ya kuchezea. Kifaru angemmaliza Nyati wako raundi ya kwanza."

"Kifaru anachagua wapinzani," akasema Kobe. "Yule Pofu alikuwa na kikohozi. Pundamilia alikuja kunywa maji, hakujua kama ni pambano. Wa zamani hawakuwa hivyo. Wa zamani hawana mfano."

Na Kifaru alikuwa amelala pale pale bwawani. Macho ya kifaru hayafai kitu, lakini masikio yake, Mungu apishe mbali. Akainuka. Maji yakamwagika, shwaaa. Ti, ti, ti, akafika kichakani. Ngiri akatabasamu akidhani ameitwa kunywa.

"Nani asiye na mfano?" akauliza Kifaru.

Kobe akarudisha kichwa ndani, akajibu kutoka humo humo: "Bingwa wa zamani."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo bingwa."

"Yuko zamani."

Kifaru akafikiri. Uso wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. "Zamani ni wapi?"

Ngiri akamtazama Kobe. Kobe alikuwa ndani ya gamba hana wa kumtazama. Hakuna mnyama aliyewahi kuulizwa swali hilo, na mpaka hapa nilipokaa mimi sijui jibu lake. Kila mtu anapazungumzia, hakuna anayejua njia.

"Mimi napajua," ikasema sauti kutoka kwenye jiwe.

Ni Chura. Hakuwa amepanga kusema. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma inakimbia.

"Wewe?" akasema Kifaru. "Umeshafika Zamani?"

"Mimi nina mazoea ya kuzama, Bwana Mkubwa. Anayezama ndiye anayefika Zamani. Wasingepaita hivyo bure."

Kifaru akageuka kwa Kobe. "Ni kweli?"

Kobe akasema, "Mh." Kobe alikuwa ameshasinzia.

"Na hao mabingwa wako huko?"

"Wote. Kila mmoja na zama zake. Ukiwapiga hao, hakuna wa kukusema tena. Utaitwa bingwa wa zama zote."

Neno hilo likamwingia Kifaru kama asali. Bingwa wa zama zote. Akalirudia, akalirudia tena. Bwawa lote alikuwa nalo, maji yote alikuwa nayo, lakini mtu mwenye uroho ukimpa leo yote atakuomba na jana. "Nipeleke," akasema. "Sasa hivi."

"Mkanda uuache," akasema Chura. "Kule wana mikanda yao, isije ikachanganyika."

Kifaru akamkabidhi Ngiri mkanda. "Nishikie." Ngiri akaupokea kwa mikono miwili. Au kwa miguu miwili. Msinichanganye.

Wakaenda. Chura anaruka mbele, pata, pata, pata. Kifaru nyuma, ti, ti, ti. Wakavuka majani makavu, wakavuka miiba, wakafika kwenye bonde la tope. Tope jeusi, zito, juu limekauka kama ukoko, ndani linachemka kama uji. Hapo ndipo mto ulipofia. Chura alipajua kwa sababu vyura wanapajua, na wanyama wazito hawakupajua kwa sababu waliopajua hawakurudi kusimulia.

"Mbona hakuna mtu?" akauliza Kifaru.

"Wako chini. Hapa juu ni sasa."

Kifaru akatia mguu. Tope likalia, nyopo. Akatia wa pili. Nyopo. Akazama magotini, akasimama. Akajaribu kuinua mguu, mguu haukuja.

"Chura."

"Bwana Mkubwa."

"Kuna mtu amenishika mguu."

Chura naye alishtuka kidogo, maana hakulitegemea hilo. "Ndiye huyo," akasema. "Hizo ni zama za ukame wa kwanza. Ni bingwa mdogo tu."

"Hapigi. Amenikumbatia."

"Ndio mtindo wao wa zamani. Mpige."

Kifaru akapiga. Pu. Akapiga tena. Pu, pu. Kila akipiga, anazama. Akafika tumboni.

"Sasa wamekuwa wengi," akasema. "Kuna wa mguu, na kuna wa tumbo."

"Wa tumbo ni Kiboko Tumbo-Ngoma. Zama za nzige. Mpige."

Pu, pu, pu. Akafika shingoni. Jasho linamtoka, pumzi inakwenda kasi. "Huyu wa shingo ana nguvu."

"Huyo ni Nyati Shingo-Gogo. Ndiye mkubwa wa zama hizo za nzige."

"Kobe alisema kweli," akasema Kifaru polepole. Na mimi nawaambia, pale Kifaru aliogopa. Hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba wale wazee walikuwa kweli bora kuliko yeye, na kwamba alikuwa amejisifu bure siku zote zile. Chura alimwona, akamhurumia. Kisha akakumbuka viluwiluwi, akaacha kumhurumia.

"Lakini bado mimi ni bingwa," akasema Kifaru, tope limefika kidevuni. "Bingwa wa uzito wa juu."

Chura akaruka, akatua kwenye pembe yake, akachungulia huku na huku. "Uzito wako mwingi sasa uko chini, Bwana Mkubwa. Ulio juu ni pua, masikio, na mimi."

Kifaru akajaribu kulielewa hilo. Likamshinda. "Basi fanya kazi ya mwamuzi," akasema. "Bondia akianguka anahesabiwa. Nihesabie, nipumue, niinuke."

"Haki yako," akasema Chura. Akavuta pumzi. "Moja."

Kisha akashuka kwenye pembe akaenda nyumbani. Pata, pata, pata.

Kifaru akangoja mbili. Jua likazama, akangoja. Jua likachomoza, akangoja. Chura hakuja. Akaja siku aliyojisikia, akapanda kwenye pembe, akasema, "Mbili."

"Mbona hesabu yako inakwenda polepole hivi?"

"Ni hesabu ya zamani. Watu wa zamani hawakuwa na haraka."

Kifaru akaona ni kweli. Si kila mtu anasema hivyo? Akakaa. Alikula manyasi yaliyokuwa karibu na mdomo, akalamba umande, akangoja tatu. Tatu ikaja baadaye sana. Na nne baada ya tatu, kama ilivyo desturi.

Kule bwawani maji yalitulia. Wanyama walikunywa maji safi wakaumwa matumbo, kwa kutozoea. Ilipofika tano, kiluwiluwi mmoja aliota kijinundu kando ya mkia. Chura alikitazama kijinundu kile siku nzima, hakula. Ilipofika sita kijinundu kikawa mguu. Ilipofika saba wote walikuwa na miguu ya nyuma. Nane, ya mbele. Wakatoka majini mmoja mmoja, wanajikwaa, wanakaa kwenye majani, wanamtazama mama yao kana kwamba kutembea ni jambo la kawaida.

Chura akaenda akasema, "Tisa," na safari hiyo alisema kwa sauti ya furaha.

Msiulize ingekuwaje kumi. Mvua ilinyesha. Mbingu ilifunguka, mto ukarudi, tope likalegea likawa maji, na Kifaru akaibuka, bwaa, amekonda, mweusi tangu kichwa mpaka mkia. Alikuwa hajahesabiwa kumi. Kwa sheria za ngumi, alikuwa hajapigwa.

Akarudi nyumbani. Ti. Ti. Miguu imelegea, lakini moyo juu. Amekumbatiana na mabingwa wote wa zama zote, kwa pamoja, na hawakuweza kummaliza. Akafika ukingoni mwa bwawa, akasimama mahali pake, akauliza:

"Nani bingwa?"

"Ngiri," wakajibu wanyama.

Kifaru akapepesa macho. Ngiri alikuwa amekaa ndani ya maji, mkanda umemzunguka mara tatu, bado unapwaya. Hakuwa amepigana na mtu. Alipewa ashike, akashika. Na yeye sasa alikuwa anawaambia wenzake wakae mbali.

Karibu na Kifaru walikuwa vyura wadogo, miguu mipya, wamekaa kwenye jani. Mmoja akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Chura akamtazama Kifaru. Angeweza kusema mengi, na alikuwa na haki. Akasema, "Shikamoo mpeni. Huyu ni bingwa wa zamani."

Kifaru akasikia. Akafurahi, maana alidhani ni sifa. Kisha akaanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa, lakini hakujua kiko wapi. Akamwendea Kobe chini ya kichaka.

"Babu Kobe. Nimetoka Zamani. Niulize chochote."

Kobe akatoa kichwa. Akatazama lile jitu lililokonda, lina tope. "Sina la kuuliza," akasema. "Nilikuwa nawaambia hawa kuhusu mabingwa. Ngiri huyu wa siku hizi si kitu. Bingwa alikuwa Kifaru wa zamani. Alipiga Pofu mwenye nguvu zake. Alipiga Pundamilia ndani ya maji. Yule hana mfano."

"Ndiye mimi," akasema Kifaru.

Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. "Wewe? Usinichekeshe, mjukuu wangu. Wewe Kifaru wa zamani angekumaliza raundi ya kwanza."

Wanyama wote wakakubali. Wakamtazama juu na chini, wakasema ni kweli, angemmaliza. Kifaru akajitazama miguu. Akafikiri, uso ukafanya ile kazi ambayo haukuumbiwa. Na mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Na huyo... yuko wapi?"

Chura alikuwa amekwenda kuwafundisha watoto kuruka. Basi Kifaru akaondoka peke yake, ti, ti, ti, akimtafuta. Mpaka leo mkimwona porini anatembea peke yake, kichwa chini, ananusa ardhi, akisikia mtikisiko anaukimbilia bila kutazama, msidhani ni hasira. Anadhani amempata.

Hadithi yangu imezama hapa. Anayeitaka aibuke nayo.

Nini, Mhina? Chura alishinda kwa nakauti au kwa pointi? Mwanangu, wewe nilikuwa nakusimulia nini muda wote huu?

Haya, na funzo lisikilizeni, maana hadithi bila funzo ni mboga bila chumvi. Funzo ni hili: mdogo asimdanganye mkubwa, ni dhambi. Tazameni yaliyompata Chura. Hayakumpata. Basi funzo ni jingine: ukipewa mkanda wa mtu ushike, ushike kwa uaminifu kama Ngiri. Hapana, hilo nalo siyo. Funzo ni kwamba mabingwa wa zamani walikuwa bora kuliko wa sasa, na Kobe ni shahidi.

Shekue, unaanza tena. Unauliza mabingwa wa zamani gani? Wa kabla ya Kifaru au wa baada yake?

Chukueni huo ungo mkachambue mchele, wote wawili. Atakayemaliza kwanza ndiye bingwa, na kesho asubuhi, akiamka, atakuwa wa zamani.